Mbwa wako ale nini? Maswali na majibu kwa wafugaji wa Kigoma

Nina mbwa wa kulinda nyumba hapa Mwanga. Ni lazima nimnunulie chakula cha paketi?

Si lazima. Faida ya chakula kizuri cha paketi ni kwamba virutubisho vimeshapimwa, wewe unamimina tu. Lakini mbwa ameishi na binadamu vizazi na vizazi, na tumbo lake linasaga wanga vizuri kuliko la mbwamwitu. Ugali na dagaa, vitu ambavyo jikoni kwako havikosekani, vinatosha kuwa msingi wa mlo wake. Shida ya mbwa wengi wa mjini kwetu si njaa. Wanashiba kila siku, ila wanashiba ugali mtupu: tumbo limejaa, manyoya yamefifia, misuli ya mapaja imenywea.

Kipimo chake ni kipi?

Kwa mbwa mzima wa kienyeji mwenye kilo 15 hivi, anza na nusu kilo ya ugali uliokwisha kupikwa na gramu 60 za dagaa wakavu, ambao ni kama konzi mbili nzuri. Gawa asubuhi na jioni. Waoshe dagaa kwanza, hasa walioanikwa chini, maana mchanga haujengi mwili wa mtu wala mbwa. Wa kwenye chanja ni wasafi zaidi. Kisha wachemshe bila chumvi, uwavuruge na ugali pamoja na supu yake. Ukiongeza boga au mchicha kidogo, vizuri. Mawese yasizidi kijiko kidogo, kwa sababu mafuta mengi yanaweza kumharibia kongosho.

Baada ya hapo, mkono wako ndio mizani. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Ukizigusa mbavu kirahisi lakini huzioni kwa mbali, endelea hivyo hivyo. Ukizitafuta usizipate, punguza ugali, dagaa wabaki vile vile. Zikionekana zote, ongeza chakula, na uulize pia dawa ya minyoo.

Sisi tunakula ugali wa muhogo. Na yeye?

Anaweza kula. Kumbuka tu kwamba unga wa muhogo una protini kidogo sana kuliko wa mahindi, kwa hiyo dagaa waongezeke. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri una sumu ya sianidi, na sumu hiyo haichagui mtu wala mnyama.

Unga ukiota ukungu tunampa mbwa ili usipotee. Kuna ubaya?

Upo, na katika maswali yote hili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Mahindi, karanga na pumba vilivyohifadhiwa na unyevu huota fangasi wanaotengeneza sumukuvu. Ndiyo ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huumizwa nayo haraka. Mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani, chakula cha paketi kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo kiliua mbwa wengi. Kwa hiyo hata paketi si kinga.

Kupika hakuiondoi. Kuchekecha unga na kutupa madonge ya kijani hakutoshi, maana sumu yenyewe haionekani kwa macho. Mbwa aliyeathirika huanza kususia chakula, anatapika, analegea. Mfunue mdomo utazame fizi: zikiwa na rangi ya manjano, au akinya kinyesi cheusi kama lami, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Unga usiofaa kwa mtoto wako haumfai mbwa. Usiwahamishie kuku pia, nao unawadhuru.

Mabaki ya mezani je?

Wali au ugali uliobaki, sawa. Tatizo liko kwenye mchuzi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na mchuzi gani wa kwetu hauna kitunguu? Mtengee chake kabla hujaunga. Chokoleti, zabibu, na pipi au jojo zenye utamu wa zailitoli vinaweza kumuua.

Machinjioni tunapata mapafu na utumbo kwa bei ya chini. Nimpe vibichi?

Vichemshe. Mapafu na ini la ng'ombe au mbuzi huweza kuwa na malengelenge ya maji, ambayo ndani yake mna mabuu ya minyoo tegu. Mbwa akila yakiwa mabichi, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na watoto wanaocheza uani wanayameza. Chemsha nusu saa au zaidi. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe. Inapasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo.

Dagaa wakipanda bei?

Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu, hilo tumelizoea. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia Mei 15, na konzi moja ya dagaa ikawa ya kufikiriwa mara mbili. Wakati kama huo tumia maharage yaliyoiva hadi yakapondeka, mayai yaliyochemshwa, au huo utumbo wa machinjioni. Kichwa cha mgebuka nacho kinafaa ukikichemsha na kutoa miiba mikubwa.

Watoto wa mbwa waanze lini?

Uji mwepesi wenye dagaa waliosagwa, kuanzia wiki ya nne, huku wakiendelea kunyonya. Wasitenganishwe na mama kabla ya wiki ya nane. Wape mara nne kwa siku hadi miezi minne, kisha mara tatu hadi miezi sita. Dagaa wasagwe wazima na mifupa yao, kwa kuwa mnofu mtupu hauna kalsiamu ya kutosha na miguu hupinda. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao.