Kiu Si ya Joto Tu: Yanayosemwa Moshi Kuhusu Sukari, na Ukweli Wake

Januari na Februari Moshi mjini joto linamfanya kila mtu atembee na chupa ya maji. Julai, kule juu Machame, Kibosho na Marangu, baridi inakupeleka chooni kila baada ya muda mfupi. Kwa hiyo mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushtuka, maana kiu ina sababu yake na mkojo una sababu yake. Akikonda, wanasema ana mawazo. Akichoka, ni umri. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote kuhusu ugonjwa huu wa kisukari: dalili zake tunaziona kabisa, ila tunazipa jina lingine, na miezi inakwenda.

Haya ni maneno ninayoyasikia mara nyingi, sokoni Mbuyuni, kwenye daladala za Kiboriloni, misibani. Chini ya kila moja nimeandika kinachotokea kweli mwilini.

“Chai yangu haina sukari, itanipata vipi?”

Ugonjwa hauanzii kwenye kopo la sukari. Unaanzia kwenye insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho ili glukosi iliyo kwenye damu iingie kwenye seli na kutupa nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wengi, mwili unaacha kuitikia insulini vizuri. Kongosho linalazimika kutengeneza zaidi na zaidi, mpaka linaelemewa. Kinachochangia ni uzito mkubwa, hasa kitambi, kukaa bila kutembea, umri, na kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu.

Tena glukosi haitoki kwenye sukari ya chai pekee. Ugali, wali, chapati, viazi, mtori na kiburu vya ndizi, vyote ni wanga, na wanga huishia kuwa glukosi. Mbege, ndizi na ulezi vilivyochachushwa, nayo ina wanga wake pamoja na kilevi. Sisemi tuache ndizi. Nani ataacha ndizi uchagani? Nasema mtu asijihesabu yuko salama kwa chai isiyo na sukari, halafu mchana akala sahani iliyojaa wali mpaka ukingoni na kusindikiza kwa soda. Soda ya kila siku ni hatari kubwa kuliko kijiko cha sukari anachojivunia kukiacha.

Na wale wanaosema ni ugonjwa wa matajiri wa mjini: miaka ya 1980 utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwa takriban 9 katika kila 100. Umri wa waliopimwa na njia za upimaji havikuwa sawa, lakini pengo hilo ni kubwa mno kwetu kuendelea kusema ni ugonjwa wa wengine.

“Ningekuwa nayo ningejua”

Aina ya pili inaweza kukaa mwilini kwa miaka bila kujitangaza. Sukari inapanda taratibu na mtu anazoea hali hiyo. Wapo wanaoambiwa kwa mara ya kwanza walipokwenda kutafuta miwani, daktari akakuta mishipa ya nyuma ya jicho imeshaharibika. Wengine wanaambiwa wakiwa na kidonda cha mguu ambacho hakijapona tangu msimu wa mvua.

Dalili zinapokuwepo, kila moja huku kwetu ina kisingizio chake. Sukari ya damu ikizidi takriban 10 (milimoli kwa lita, kipimo cha mashine zetu), figo zinashindwa kuirudisha yote mwilini. Inatoka na mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mtu anaamka usiku mara tatu, mara nne, kisha kiu inamwandama. Mzee akiamka hivyo wanasema ni tezi dume. Inaweza kuwa tezi dume kweli, ila kumtoboa kidole na kuangalia sukari hakuchukui hata dakika mbili.

Kukonda ndiko kunakoumiza zaidi. Mtu anakula vizuri, nguo zinaanza kumpwaya, majirani wanaanza kunong'ona kuhusu UKIMWI. Naye anaanza kujificha, haendi kanisani, haendi kwenye vikao vya ukoo. Siku akijikaza na kupima VVU akakutwa hana, anarudi nyumbani akimshukuru Mungu, na hakuna aliyemkumbusha kupima sukari. Akianza na kikohozi kisichoisha, lazima apimwe sukari na kifua kikuu, kwa sababu mwenye kisukari ana uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kuugua kifua kikuu. Mkoa wetu una Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu tangu enzi za ukoloni, lakini ni wangapi tunajua kwamba magonjwa haya mawili hutembea pamoja?

Halafu zipo dalili ambazo watu hawazisemi kwa aibu. Mama anayenunua dawa ya fangasi za ukeni duka la dawa kwa mara ya tatu au ya nne ndani ya mwaka anahitaji kupimwa sukari kabla ya kuuziwa dawa nyingine. Mwanaume anayewashwa kwenye ncha ya uume, vivyo hivyo. Weusi mnene shingoni na kwapani, ule ambao dada anausugua kwa dodoki kila siku na hautoki, mara nyingi si uchafu. Unaweza kuwa alama kwamba mwili umeacha kuitikia insulini. Na miguu inayowaka moto usiku au kufa ganzi, ambayo mpaka leo wapo wanaosema bibi amekanyaga kitu alichotegewa njiani, ni mishipa ya fahamu inayoharibiwa na sukari iliyokaa juu muda mrefu. Kila wiki anayoimaliza akichanjwa chale ni wiki ambayo miguu hiyo inazidi kupoteza hisia.

“Mkojo wangu haujawahi kufuatwa na sisimizi”

Sisimizi kufuata mkojo wenye sukari ni jambo la kweli. Lakini sukari huonekana kwenye mkojo ikishapita ile 10 niliyoitaja, na kisukari kinahesabiwa kuanzia 7 kabla ya kula. Mtu anayeamka na 8 kila siku ni mgonjwa, na huenda chooni kwake hakuna sisimizi hata mmoja.

“Mtoto hapati sukari”

Hapa naomba msomaji mwenye watoto asome polepole.

Mtoto anapata, hata mchanga. Mara nyingi ni aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Haitokani na pipi wala na mama kula vibaya akiwa mjamzito, na mzazi asibebeshwe lawama hiyo. Tofauti na ya watu wazima, hii huja kwa wiki chache tu. Mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani anaanza tena, na badala ya kuulizwa anachapwa. Anakunywa maji kila saa. Anapungua, analala darasani.

Kwa sababu hana insulini, mwili unaanza kuchoma mafuta kutafuta nguvu, na tindikali inajaa kwenye damu. Ndipo anapoanza kutapika, kulalamika tumbo, kuhema kwa nguvu na kwa kina, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Ukimtazama haraka utasema malaria, au taifodi, au nimonia. Anaanzishiwa dawa za malaria, na mahali pengine anatundikiwa dripu ya glukosi ili apate nguvu, wakati damu yake tayari imejaa glukosi. Mtoto wa namna hii anaweza kupoteza fahamu na kufa siku hiyo hiyo, na akiwahi kupewa maji sahihi na insulini anapona na kurudi shule.

Kwa hiyo mzazi akifika hospitali na mtoto anayetapika na kuhema, aseme wazi: “Daktari, amekuwa akikojoa sana na kunywa maji sana, naomba apimwe sukari.” Hakuna ubishi katika kuomba hivyo, na muuguzi mzuri hachukii. Na aende siku hiyo, asisubiri kesho asubuhi.

“Nilipima, iko sawa” na “Ilipanda kwa sababu nilikunywa chai”

Namba hizi zinachanganya wengi, tena mashine ya jirani inazidi kuzivuruga. Kipimo cha asubuhi, baada ya kukaa angalau saa 8 bila kula wala kunywa kitu zaidi ya maji: ikifika 7.0 au zaidi ni kiwango cha kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 imepita kawaida ingawa haijawa kisukari. Kipimo cha wakati wowote, hata kama umetoka kula: 11.1 au zaidi, na dalili zipo, jibu limepatikana, na chai haihusiki. Mtu mwenye afya hafikishwi 11 na kikombe cha chai. Asiye na dalili yoyote hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, 6.5 kwa mia au zaidi ni kisukari, ingawa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu anaweza kupata jibu lisilo sahihi.

Kuna watu wanaacha soda na wali siku tatu kabla ya kwenda kupima ili namba ipendeze. Kula kama kawaida yako. Wala usimeze metformini, kidonge cha kisukari, ya shemeji ujaribu.

Wala si lazima ufike hospitali kubwa kama KCMC au Mawenzi ndipo upimwe. Mashine ya kidole ipo katika vituo vya afya vingi na maabara za mjini. Hospitali kubwa ni kwa ajili ya kuthibitisha na kuendelea na kliniki. Aliyefikisha miaka 40 apime hata kama anajisikia mzima. Vivyo hivyo kijana mwenye uzito mkubwa, mwenye presha, mwenye mzazi mwenye sukari, au mama aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi. Mjamzito huangaliwa hasa wiki ya 24 hadi 28, na aliyekutwa na sukari ya ujauzito arudi apime wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata kama kliniki ya mtoto haimkumbushi.

“Heri nisijue, wakijua watanichoma insulini nife”

Woga huu nauheshimu, kwa sababu umetokana na misiba ambayo watu wameiona kwa macho. Lakini tuangalie mpangilio wake. Anayegundulika mapema akiwa na 7.5 kwa kawaida huanza na vidonge na kubadili chakula. Anayechelewa mpaka 25, na kidonda kinachonuka, ndiye anayewekewa insulini siku anayolazwa. Akifariki au akikatwa mguu, majirani wanakumbuka sindano, si ile miaka aliyokaa bila kupima. Mwenye aina ya kwanza yeye hana njia nyingine. Kabla ya 1922, insulini ilipoanza kutumika kwa binadamu, watoto hao walikuwa wakifa karibu wote.

Na aliyekutwa kati ya 6.1 na 6.9 ana nafasi ambayo wengi hawajaambiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 uliwafuatilia watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama kutembea haraka, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 80, hizo ni kilo tano na nusu hivi, na nusu saa ya kutembea haraka siku tano kwa wiki: kushuka daladala kabla ya kituo chake, kupandisha mgomba kwa mgomba kule kijijini. Mwaka ukiisha anapima tena.