Stelingi nzito asubuhi za baridi Lushoto: dhana potofu na ukweli wake

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukilaza gari Lushoto au Soni, kuna asubuhi utapiga stata, utataka kutoka kwenye maegesho, na stelingi itagoma. Unaivuta kwa mikono miwili huku pampu inalia, kisha baada ya dakika chache inalainika yenyewe. Ukifika Mombo, chini ya mlima, joto limerudi na umeshasahau. Jioni, kijiweni Tanga mjini, kila mtu ana maelezo yake. Mengi ya maelezo hayo yanakula fedha za watu bure, na moja linaweza kuua.

"Ni baridi tu, gari limezoea joto la Tanga."

Hii ndiyo mama wa zote. Ni kweli mafuta ya stelingi, yale tunayoyaita haidroliki, yakipoa huwa mazito. Lakini haidroliki nyekundu ya aina ya Dexron III, inayotumika kwenye Toyota nyingi za zamani, imetengenezwa iendelee kutiririka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake za Julai ni kali kwetu watu wa pwani, ila ziko mbali mno na huko. Gari lisilo na hitilafu likilala pale linaweza kuguna sekunde za kwanza. Halitakutoa jasho kukata kona.

Kinachotokea ni kwamba ndani ya reki (chuma kinachosukuma magurudumu yakate kona) na pampu mna sili, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Zikishachakaa, baridi huzikakamaza na kuzisinyaza, presha ikavuja ndani kwa ndani badala ya kuisukuma reki. Mafuta yakipata moto sili zinalainika, zinaziba tena, dereva anasema gari limepona. Halijapona. Usipolishughulikia, muda wa ugumu utazidi kurefuka, mpaka siku stelingi itakuwa nzito pale Chumbageni, Tanga mjini, saa saba mchana. Kwa hiyo baridi ya Lushoto imekufanyia hisani: imeanika ubovu ungali mdogo.

"Ongeza haidroliki, yaishe."

Mfumo wa stelingi hauchomi mafuta. Yakipungua, yamevuja, na kuongeza bila kutafuta yanapotokea ni kuahirisha tu. Chuchumaa karibu na tairi ya mbele, shika ile buti ya mpira yenye mikunjo mwishoni mwa reki, uibonye. Ukisikia majimaji yanacheza ndani, sili ya reki imekwenda. Pitisha kidole kwenye maungio ya paipu, hasa ile ya presha inayotoka kwenye pampu. Ukikuta unyevu wenye vumbi lililogandamana, umepata pa kuanzia.

Kisha fungua kopo la haidroliki uangalie kwa tochi. Nyekundu angavu ni salama. Kahawia yenye harufu ya kuungua, yabadilishwe yote. Ukiona povu, hewa imeingia, mara nyingi kwa paipu ya kunyonyea iliyolegea au kwa sababu mafuta yalishuka mno. Hewa hubonyea, mafuta hayabonyei, ndiyo maana stelingi yenye povu huwa nzito na yenye kelele. Kuitoa si kazi ya ajabu: inua magurudumu ya mbele, gari likiwa limezimwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku mwenzako akijaziliza mafuta, mpaka mapovu yaishe. Kopo nyingi zina alama mbili, ya baridi na ya moto. Asubuhi fuata ya baridi.

"Mafuta ni mafuta."

Hapana. Mafuta ya breki huvimbisha na kuharibu sili za stelingi. Ukimwona mtu anayamimina humo, mzuie hata kama ni fundi wako wa miaka yote. Oili ya injini ni nzito kuliko inavyotakiwa, na baridi huzidisha. Honda huwa na mafuta yao maalumu, na magari mengi ya Ulaya hutumia ya kijani. Kifuniko cha kopo au kitabu cha gari ndicho cha kufuata.

"Pampu imekufa, tafuta ya mtumba."

Labda, lakini pampu iwe ya mwisho kushukiwa. Anza na upepo wa tairi za mbele, halafu feni belti inayozungusha pampu. Belti iliyolegea au iliyong'aa kwa kuchakaa huteleza, na umande wa asubuhi huizidishia, ndipo unasikia mlio mkali unapokata kona. Wapo wanaoipaka sabuni inyamaze. Inanyamaza kweli, ila inateleza zaidi. Ikazwe, au inunuliwe mpya.

Na kama gari lako lina stelingi ya umeme, kama Vitz nyingi, usikubali kuambiwa haidroliki imeganda. Halina hata kopo. Ugumu wa asubuhi kwenye gari hizo hufanya tupime betri na chaji kwanza, na kutazama kama taa ya stelingi imewaka kwenye dashibodi.

"Ikunje mpaka mwisho uishikilie, itapata moto haraka."

Itapata moto kweli, kwa kuwa presha inapanda hadi kiwango cha juu kabisa na pampu inateseka. Mwishoni mwa kona usiishikilie zaidi ya sekunde chache. Zungusha kiasi kushoto na kulia, injini ikiwa saileni, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta.

"Kushuka Mombo zima injini, uokoe mafuta."

Hapa naomba tusikilizane. Ukizima injini pampu inasimama, stelingi inakuwa nzito palepale, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Barabara ile ina kona kali juu ya bonde. Tena gari la sindano (linalonyunyizia petroli kwa nozeli, si kabureta) likishuka na gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, lenyewe hukata petroli, hakuna unachookoa. Na injini ikijizimia njiani, usichomoe ufunguo, usukani utajifunga. Shika kwa nguvu mikono miwili, kanyaga breki mara moja na uishikilie bila kuipampu, uelekeze gari upande wa mlima mpaka lisimame.