Nipe nikupe: mchango wa kampeni unapogeuka hongo

Mwanasiasa wa jimbo nchini Marekani anaruhusiwa kupokea fedha za kampeni kutoka kwa watu wenye haja naye. Katika majimbo mengi mwenye kampuni ya ujenzi anayesubiri zabuni anaweza kumchangia gavana. Kampuni ya bima inaweza kupenyeza fedha upande wa mbunge anayekaa kwenye kamati ya bima. Haipendezi, lakini yenyewe si kosa. Kosa linaanza pale fedha inapofungwa na tendo: nichangie, nami nitapitisha sheria yako, usiponichangia, faili lako litakaa. Hiyo ndiyo nipe nikupe.

Mtanzania akisikia rushwa ya uchaguzi hukumbuka pilau, kanga na bahasha, fedha zikitoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Ndiyo ile takrima ambayo Mahakama Kuu iliitupa nje mwaka 2006. Hapa fedha zinasafiri kinyume chake. Zinatoka kwa mwenye haja kwenda kwa mgombea, na mpiga kura haambulii hata soda.

Mambo haya hustawi kwenye majimbo kwa sababu huko ndiko kunakoamuliwa vitu vya kila siku, kama bei ya umeme, leseni na kandarasi za barabara, huku macho ya taifa yakiwa Washington. Tena baadhi ya majimbo, kama Virginia, hayajaweka ukomo wa kiasi mtu anachoweza kumpa mgombea.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwa maoni yangu ni wa Ohio. Larry Householder alitaka uspika wa bunge la jimbo. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy nayo ilikuwa na mzigo: kampuni yake tanzu ilikuwa na mitambo miwili ya nyuklia isiyolipa jimboni humo, na mwaka 2018 ikaomba ulinzi wa mufilisi, yaani kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Kuanzia 2017 fedha zilianza kuingia kwenye shirika lililoitwa Generation Now, kwanza dola 250,000 kila robo mwaka. Kwenye makaratasi lilikuwa shirika la ustawi wa jamii, aina ambayo hailazimiki kutaja wafadhili wake. Kwa vitendo lilikuwa mfuko wa Householder. Jumla ilifika karibu dola milioni 60.

Fedha hizo ziliwasaidia wagombea waliokuwa tayari kumpigia kura ya uspika. Aliupata Januari 2019. Kufikia Julai mwaka huohuo muswada namba 6 ulikuwa umepita na gavana amesaini: ruzuku ya zaidi ya dola bilioni moja, hasa kwa ile mitambo ya nyuklia, ikatwe kwenye bili za wateja. Kwa nyumba ya kawaida makato ya nyuklia yalikuwa senti 85 kwa mwezi. Hapo ndipo ujanja ulipo. Nani ataandamana kwa ajili ya senti 85?

Walikuwepo waliojaribu. Walianza kukusanya saini ili wananchi waipigie sheria hiyo kura ya maoni. Wakajibiwa kwa matangazo ya televisheni yaliyodai kwamba serikali ya China inataka kuuteka umeme wa Ohio, na baadhi ya wakusanya saini wakapewa fedha waache kazi. Saini hazikutosha.

Householder alikamatwa Julai 2020. Mwaka uliofuata FirstEnergy ilikiri kwenye makubaliano na waendesha mashtaka na kulipa dola milioni 230. Ilikiri pia kumlipa dola milioni 4.3 mtu aliyekuwa mbioni kuteuliwa mwenyekiti wa tume ya jimbo inayosimamia bei za umeme. Bunge lilifuta ruzuku ya nyuklia. Ile ya mitambo miwili ya makaa ya mawe, iliyokuwa imechomekwa kwenye sheria hiyohiyo, iliendelea kukatwa kwa miaka kadhaa. Householder alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023.

Utetezi wake ulikuwa kwamba hii ni siasa ya kawaida: mfadhili alimuunga mkono mtu mwenye msimamo kama wake. Ni utetezi wa maana kuliko unavyosikika. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Robert McCormick, mbunge wa West Virginia aliyepokea fedha taslimu kutoka kwa madaktari waliosomea nje ya nchi, waliotaka sheria ya kuwapa leseni za kudumu. Mahakama ilitengua hukumu yake. Ilisema kutetea maslahi ya wapiga kura na kuwaomba michango ndiyo kazi ya siasa, hivyo fedha za kampeni zikiwa ndizo msingi wa kesi, ni lazima ithibitike kwamba kulikuwa na ahadi ya wazi. Watu wazoefu hawatoi ahadi za wazi. Wanakula chakula cha jioni, wanapeana mkono, hundi inafika wiki mbili baadaye. Householder aliponzwa na simu zilizorekodiwa, ujumbe wa simu, na zaidi ya dola 400,000 alizochota kwa ajili ya madeni na nyumba yake ya Florida. Asingegusa hata senti kwa matumizi yake, mwananchi wa Ohio angekatwa kilekile.

Wala si lazima awepo tajiri. George Ryan, kabla ya kuwa gavana wa Illinois, aliongoza ofisi inayotoa leseni za udereva. Wafanyakazi wake walitarajiwa kuuza tiketi za hafla za kuchangia kampeni zake. Baadhi walizipata fedha hizo kwa kuwauzia leseni madereva wa malori wasioweza kufaulu mtihani. Novemba 1994, karibu na Milwaukee, kipande cha chuma kilidondoka kutoka kwenye lori na kutoboa tangi la mafuta la gari la familia iliyokuwa nyuma. Watoto sita walikufa. Dereva wa lori alikuwa na leseni iliyotoka kwenye ofisi za Ryan, na uchunguzi ulionyesha ilipatikana kwa hongo. Ryan alitiwa hatiani mwaka 2006, akahukumiwa miaka sita na nusu jela.

Mwaka 2024 uwanja wa waendesha mashtaka ulipungua tena. Katika kesi ya James Snyder, meya wa zamani wa mji wa Portage, Indiana, aliyepokea dola 13,000 kutoka kwa kampuni iliyokwisha kupewa kandarasi ya magari ya taka, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba sheria ya hongo ya serikali kuu inayowahusu viongozi wa majimbo na miji haigusi asante inayotolewa baada ya kazi, kama haikuahidiwa kabla. Asante hizo sasa ni juu ya kila jimbo kuzikataza au kuziacha.