“Siku fupi” si siku chache

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtu akieleza kwamba soya ni “mmea wa siku fupi, yaani unakomaa haraka”. Mara ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikakohoa. Sasa naandika.

Mmea wa siku fupi ni ule unaotoa maua pale muda wa mwanga wa mchana unaposhuka chini ya kiwango fulani. Basi. Soya imo, aina nyingi za mpunga zimo, krisanthemu, lile ua la mapambo, imo. Ngano ni kinyume, husubiri mchana urefuke. Nyanya haijali. Habari ya kuwahi kukomaa haimo kabisa, na mbegu inayowahi ina jina lake tangu zamani: mbegu ya muda mfupi.

Nusu ya lawama namtwisha aliyetafsiri. Kiingereza kina neno moja, “day”, kwa saa 24 na kwa kipindi cha jua. Kiswahili hakina dhiki hiyo. Tuna siku, tuna mchana, tuna usiku, na tunajua mtu akifanya kazi mchana kutwa ameifanya mpaka jua likachwa, na akikesha usiku kucha amekesha mpaka kukacha. Mfasiri akaliacha neno mchana pale pale mezani, akachukua siku. Siku ya saa 24 itafupika vipi? Tena neno lenyewe halibadiliki katika umoja wala wingi, na “fupi” vilevile, kwa hiyo msikilizaji hajui kama ni siku moja au ni nyingi. Akili inamkimbilia kwenye siku chache, na kwa kweli simlaumu, hasa kama anaishi karibu na Ikweta ambako mchana haurefuki wala kufupika kwa kiasi cha mtu kushtuka.

Linalonichekesha ni kwamba siku na usiku ni maneno ya shina moja. Kichewa nacho kina tsiku kwa siku na usiku kwa usiku. Kizulu kina usuku na ubusuku. Mmea nao, ukiuchunguza, unahesabu usiku.

Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa kilimo nchini Marekani, walitangaza walichokiona kwenye tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka kiangazi kizima bila ua hata moja. Waliingiza baadhi ya miche kwenye kibanda chenye giza kila alasiri na kuitoa asubuhi, nayo ikachanua. Soya ya aina ya Biloxi waliipanda kwa awamu, na zote zikachanua karibu wakati mmoja, mwezi Septemba: iliyotangulia ikiwa imekaa shambani miezi, iliyochelewa wiki kadhaa tu. Hapo “unakomaa haraka” inaingia wapi?

Wao walidhani mmea unapima mwanga. Mwaka 1938 watafiti wengine, Hamner na Bonner, walichukua Xanthium, gugu lenye vitunda vya miiba inayonasa nguo, wakaukatiza usiku wake mrefu kwa mwanga wa muda mfupi sana. Gugu likagoma kuchanua. Walipoukatiza mchana kwa giza, halikujali. Kinachopimwa, basi, ni giza lisilokatizwa, na kipimo kiko kwenye majani, katika protini iitwayo fitokromu, ambayo mwanga mwekundu huigeuza. Ndiyo maana soya iliyo chini ya taa ya ulinzi hubaki kijani kibichi huku mistari ya mbali imeshapukutisha majani, na wakulima wa krisanthemu huwasha taa usiku wa manane wakitaka kuchelewesha maua.

Kuna kosa la pili, la waliosoma zaidi: kudhani “fupi” ni chini ya saa 12. Sivyo. Xanthium huchanua mchana ukiwa chini ya saa 15 na nusu hivi, na huitwa wa siku fupi. Hyoscyamus, mmea wa jamii moja na tumbaku, huhitaji mchana unaozidi saa 11 hivi, na huitwa wa siku ndefu. Iweke yote miwili kwenye mwanga wa saa 13 na yote itachanua, jirani kwa jirani. Majina hayasemi mchana una saa ngapi. Yanasema mmea unangoja upande gani wa mpaka wake, na kila mmea una mpaka wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiulizwa kuhusu soya, sema “mmea wa usiku mrefu”, au ukipenda “wa mchana mfupi”. Na ukitaka kujua itavunwa lini, muulize aliyekuuzia mbegu.