Mteja anapouliza "mbona kidogo hivi?"

Huu ni mwaka wa tisa nasimama nyuma ya mashine ya kahawa hapa Moshi, miwili ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu. Wahudumu wapya huja na msemo waliofundishwa chuoni: mteja ni mfalme. Nawaambia wauache mlangoni. Mfalme habishanii chenji. Anayefika kaunta ni mtu mwenye njaa, au mwenye haraka, au ametoka kugombezwa kazini, na inabidi umsome kabla sauti haijapanda.

Ugomvi mwingi chanzo chake ni kabla kikombe hakijafika mezani. Chukua espreso. Mtu anasoma ubao, anaona ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, anaagiza. Analetewa kikombe kama cha kuchezea watoto, tena hakijajaa. "Dada, hii ni ya kuonja?" Ana haki ya kukasirika, maana hakuna aliyemwambia. Siku hizi keshia wangu akisikia mgeni anaagiza espreso, ananyanyua kikombe chenyewe: "Ni hii ndogo, kali, haina maziwa. Au tukuongezee maji ya moto iwe nyingi?" Inachukua sekunde tano, na wengi hubadilisha oda huku wanacheka.

Kapuchino, ile kahawa ya maziwa yenye povu, nayo ina kesi yake: "Haina moto." Sisi maziwa tunayapasha yafike nyuzi 60 hadi 65, kwa sababu yakipita 70 utamu unapungua na yanaanza kunukia kama yaliyochemshwa. Sasa mwambie hayo mtu aliyelelewa na chai inayotokota jikoni! Zamani nilikuwa natoa somo zima, mteja ananitazama kama mwalimu wa hesabu saa nane mchana. Niliacha. Namuuliza tu, "Nikutengenezee nyingine, ya moto zaidi?" Natengeneza upya, sipashi ile ile, maziwa yakipashwa mara ya pili povu halisimami tena. Hasara ni kikombe kimoja cha maziwa.

Umeme ukikatika, usiseme "subiri kidogo". Mashine yetu ikizimika kabisa inataka kama nusu saa ndipo ishike joto sawasawa, kwa hiyo sema nusu saa. Mwenye haraka ataondoka bila kinyongo, na aliyebaki amekubali mwenyewe.

Wapo pia wakorofi wa kweli, ingawa ni wachache. Anayemshika mhudumu mkono au kiuno, anayetukana mzazi wa mtu, huyo simhudumii kwa tabasamu. Namtoa msichana pale mezani, napeleka bili mwenyewe, namwambia kwa sauti ya chini kwamba leo tumemaliza. Sauti ya chini kwa makusudi: ukimpandishia, unampa watazamaji.

Ila aliyenifundisha zaidi hakuwa mkorofi. Alikuwa mzee mmoja, kofia mkononi, aliuliza bei ya kahawa akaambiwa elfu tano. "Elfu tano? Kahawa hii hii ninayolima mimi?" Mgahawa mzima ukageuka. Kijana wangu akamjibu, "Mzee, kama ni ghali, nje yupo wa birika." Ni kweli yupo, na kahawa yake nzuri, lakini jibu lile lilikuwa kofi.

Nikatoka kaunta. "Shikamoo baba." Nikavuta kiti nikakaa. Kukaa ni muhimu kuliko maneno, kwa sababu ni vigumu kumfokea mtu aliyekaa. Sikutetea bei. Nikamuuliza shamba liko wapi. Kibosho, kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake. Akaeleza chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, bei ya dawa, miche aliyoing'oa akaacha migomba peke yake. Mimi natikisa kichwa tu, oda zinarundikana.

Kisha akaona mzani wetu mdogo pale juu ya kaunta, akauliza ni wa nini. Nikamwambia: kila kikombe gramu 18. Nilipolitoa neno hilo tu nikajua nimejimaliza. Akanyamaza, midomo inacheza. "Kwa hiyo kilo moja ni vikombe hamsini na tano."

"Ndiyo, baba."

"Laki mbili na sabini na tano."

Nikataja kodi ya pango, maziwa, umeme, mishahara, na kwamba kilo yake haifiki kwetu ikiwa kilo, maana kahawa ikikaangwa inapungua uzito. Yote kweli. Akasikiliza kwa adabu ya mtu ambaye hajashawishika, na sikuona sababu ya kumlazimisha. Lalamiko lake halikuwa la kwetu na wala si mimi wa kulimaliza. Alitaka tu lisikike mahali ambapo kahawa inauzwa. Hakukuwa na kelele tena.

Baadaye nilikaa na kijana wangu. Sikumgombeza. Nilimwambia mteja akilalamikia bei, asimwonyeshe mlango; amuulize angependa kunywa nini.

Mzee yule hurudi siku za soko. Huagiza chai ya maziwa, na bei huiuliza upya kila mara.