Ufadhili wa ngoma: nani analipa, na anabadilisha nini

Ufadhili wa sanaa ni mtu au taasisi kugharimia onyesho bila kutafuta faida ya fedha. Udhamini ni biashara: kampuni inalipa, nayo inatangazwa. Kutunza ni ile noti anayobandikwa mchezaji kwenye paji la uso, papo hapo uwanjani. Kikundi kisichotofautisha haya matatu husaini karatasi kisichoielewa.

Anayelipa huacha alama kwenye ngoma yenyewe. Bugobogobo ya Wasukuma ilikua shambani: vijana wanalima kwa mdundo, mwenye shamba anawalisha. Ndiyo maana mpaka leo inachezwa na majembe mkononi.

Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, Kanisa Katoliki lilikuja na ufadhili wa namna nyingine. Padri David Clement, aliyefika huko miaka ya 1950, alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na sherehe ya ngoma iitwayo Bulabo ikafungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, mavuno yakiwa yameshaingia. Hapo Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Kanisa lilitoa uwanja na tarehe, lakini uamuzi ukabaki kwa watazamaji. Huo ndio ufadhili mzuri kuliko wote, maana manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, anabaki na sababu ya kutunga upya kila mwaka.

Fedha za miradi hufanya kinyume. Mfadhili anataka ujumbe wa malaria ndani ya dakika kumi, na basi dogo alilokodi halibebi kikundi kizima. Wanaenda wanane. Majibizano ya manju na waitikiaji, ambayo ndiyo moyo wa ngoma, yanakatwa kwanza kwa kuwa ndiyo yanayokula muda.

Kosa linalojirudia liko kwenye bajeti ya andiko la kuomba fedha: posho ipo, nauli ipo, ngoma zenyewe, zile zinazopigwa, hazimo. Ngozi ikinyeshewa inalegea, ikianikwa juani kwa pupa inapasuka, na kuwamba upya ni gharama. Andikeni mstari wa matengenezo. Dai nusu ya malipo kabla ya safari, kwa sababu awamu ya mwisho husubiri risiti, na mwenye pikipiki aliyebeba ngoma hatoi risiti. Mwandalieni hati ya malipo asaini. Fedha za kutunzwa ziandikwe kuwa ni mali ya wachezaji, mfadhili asizihesabu kama mapato ya mradi.