Mvua haiunguzi majani ya viazi

Majani ya viazi yakigeuka meusi baada ya siku kadhaa za mvua na ubaridi, wengi husema yameunguzwa na mvua na baridi. Hata Ayalandi, viazi vilipoanza kuoza mwaka 1845, wapo waliolaumu hali ya hewa. Sivyo. Geuza jani asubuhi na mapema: pembezoni mwa doa utaona utando mweupe, kama umenyunyiziwa unga. Huyo ndiye mhalifu, Phytophthora infestans, jina alilopewa na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Anton de Bary, mwaka 1876. Tunamwita ukungu kwa mazoea tu. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia, na chembe zake za uzazi huogelea kwenye tone la maji. Mvua humbeba na kumpa unyevu, basi.